Siwa ya Malindi katika Sikio la Camões

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 mfalme wa Malindi alipanda chombo akaenda kuonana na Vasco da Gama juu ya maji, kwa kuwa mgeni huyo alikataa kushuka pwani. Baharia mmoja wa msafara ule aliyaandika aliyoyaona katika shajara isiyotiwa jina la mwandishi, ambayo wataalamu wengi huinasibisha na Álvaro Velho. Anaeleza joho la mfalme na bitana yake ya atlasi ya kijani, mwavuli wa atlasi nyekundu, viti viwili vyenye mito. Kisha anazitaja tarumbeta mbili za pembe zilizonakishiwa, ndefu kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kuwa hizo ni siwa. Na sauti zake, asema baharia yule, zilipatana vizuri na za tarumbeta nyingine zilizopigwa pamoja nazo.

Miaka 74 baadaye siwa hizo zikaingia katika ushairi. Mwaka 1572 Luís de Camões alichapisha mjini Lisbon utendi wake mkuu, *Os Lusíadas*, na katika fasili ya pili mfalme wa Malindi anatoka tena kwenda kumlaki da Gama. Joho lipo, mwavuli upo, fahari ipo. Ila ala zimeharibika. Mshairi amezipinda zikawa mviringo, na mlio wake ameueleza kuwa mkali wa kuumiza sikio, kelele isiyo na mpangilio. Baharia aliyekuwapo alisikia mapatano. Mshairi ambaye hakuwapo akasikia vurugu.

Haki ya Camões itangulizwe. Shajara ile haikupigwa chapa hadi mwaka 1838, na yeye aliwategemea wanahistoria wa nchi yake, hasa Castanheda na Barros. Huenda basi maneno ya baharia hayakumfikia. Lakini mshairi hutungua pia kwa sikio lake, na Camões si mtu aliyeitazama Bahari ya Hindi kwenye ramani tu. Aliishi upande huu wa dunia miaka kumi na saba, na miaka yake miwili ya mwisho huku ilipita katika mwambao wa Afrika. Kwa hiyo swali la siwa si dogo kama linavyoonekana. Ni swali la alichokubali kukisikia.

Camões alitumwa India mwaka 1553, askari wa kawaida, mwenye jicho moja kwa sababu jingine lilikuwa limebaki vitani Afrika ya Kaskazini, na ametoka gerezani Lisbon kwa kumjeruhi mtumishi wa jumba la mfalme. Goa aliyoikuta ilikuwa na umri wa miaka 43 chini ya Wareno. Afonso de Albuquerque aliitwaa mwaka 1510 kutoka kwa Sultani wa Bijapur, akawahimiza askari wake waoe wanawake wa pale ili mji upate wenyeji wapya walio watiifu. Hivyo ukazaliwa umma wa namna yake: waliooa wakawa watu wa majumba na biashara, wasiooa wakawa askari wa kusubiri vita, wanaokula kwa mabwana wakubwa pindi mishahara inapochelewa, chini ya wote hao wapo watumwa, wengi wao kutoka mwambao huu wa Afrika. Camões aliujua umma huo kutokea chini. Alitunga tungo za kuudhihaki, na katika barua moja akaufananisha mji huo na mama wa walaghai na mama wa kambo wa watu wema. Moja ya tungo zake za kwanza kabisa kupigwa chapa ilitokea Goa, mwaka 1563, ndani ya kitabu cha Garcia de Orta kuhusu miti na dawa za India. Mshairi mkubwa wa Ureno alianza kusomwa katika koloni, akiwa mgeni mwalikwa katika kitabu cha tabibu.

Mwaka 1567 akaanza safari ya kurudi kwao, ikakatikia Kisiwa cha Msumbiji. Kisiwa hicho, kirefu kilomita tatu tu na chembamba, kilikuwa kituo cha merikebu zinazongoja upepo. Ngome ya São Sebastião ilikuwa imeanza kujengwa tangu 1558. Mwanahistoria Diogo do Couto alipofika hapo mwaka 1569 alimkuta Camões fukara kiasi cha kula kwa hisani ya marafiki, na hao ndio waliochanga nguo na nauli hata akapanda chombo. Couto anasema pia kwamba katika kisiwa hicho mshairi alikuwa akiusafisha utendi wake ili uchapwe. Hebu msomaji aitue picha hiyo akilini. Fasili ya kwanza inawaeleza watu wa kisiwa hichohicho kuwa wadanganyifu, shehe wao akiwatega Wareno kwa rubani mhaini. Na beti hizo zinapigwa msasa na mtu anayekula chakula ambacho sehemu yake kubwa kilivushwa kutoka bara na watu walewale.

Hata hivyo Mombasa ndiyo iliyopakwa matope zaidi. Katika utendi, Bacchus, mungu wa mvinyo anayewachukia Wareno kwa kuwa watamfunika sifa zake za kale huko India, anajibadili kuwa padri wa uongo mjini Mombasa. Anasimamisha madhabahu na picha takatifu mbele ya wajumbe wawili wa da Gama ili waamini kwamba mji una Wakristo. Asubuhi merikebu zinapoelekea bandarini, Venus na binti za bahari wanazisukuma nyuma. Mungu mke huyo anaweka kifua chake laini dhidi ya ubao mgumu wa merikebu. Ni beti nzuri. Atakayekana uzuri wake hapendi ushairi.

Shajara ya baharia ina maelezo makavu zaidi. Wajumbe wawili walionyeshwa karatasi yenye picha na wafanyabiashara wawili ambao Wareno waliwadhani ni Wakristo. Yamkini walikuwa Wahindi, na picha ilikuwa ya dini yao. Merikebu moja ilikataa kugeuka ikagonga nyingine, nanga zikatiwa, na watu wa mwambao waliokuwamo wakajirusha majini. Usiku ule da Gama aliwahoji wawili waliosalia kwa kuwatonea mafuta ya moto mwilini ili waungame hila. Mmoja, mikono ikiwa imefungwa, alijitupa baharini.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Katika utendi wa Camões hakuna mafuta. Mahali pa mafuta pana Venus. Sababu ya Wareno kuijua hila ya Mombasa, ambayo katika shajara ni maungamo ya mtu anayeunguzwa, katika utendi imekuwa neema ya mbingu. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya wamejadili kama miungu ya Kirumi inafaa ndani ya utendi wa Kikristo, wengine wakaona ni pambo, wengine kasoro ya ladha. Mtu anayeusoma akiwa Mombasa au Unguja ataona kazi nyingine ya miungu hiyo: wanaziba mahali ambapo ushahidi ungetaka kutokea. Mshairi stadi hazibi tundu kwa tope. Analiziba kwa marumaru, na marumaru hiyo ndiyo inayosifiwa.

Malindi ni habari nyingine. Huko mfalme ni mwema, anatuma kondoo, kuku na matunda, na anaomba jambo moja: mgeni amsimulie nchi yake, nasaba za wafalme wake na vita vyake. Da Gama anaanza kusema mwanzoni mwa fasili ya tatu wala hanyamazi hadi karibu na mwisho wa ya tano. Ni zaidi ya beti 300 katika utendi wa beti 1,102. Mfalme anasikiliza. Anasikia habari za Afonso wa kwanza, za Inês de Castro aliyeuawa kwa kupendwa, za dhoruba na maradhi ya ufizi. Adabu ya mwenyeji wa pwani imeelezwa hapa bila Camões kukusudia: mgeni hakatizwi. Lakini zamu ya mwenyeji haiji. Da Gama hamuulizi mfalme lolote kuhusu nasaba zake, wala mshairi hamlazimishi aulize.

Hilo halikutokana na ukosefu wa habari. João de Barros, katika *Década* yake ya kwanza iliyochapwa mwaka 1552, alikuwa ameweka orodha ya wafalme wa Kilwa aliyoipata katika tarikhi ya Kilwa yenyewe, ile ambayo nakala yake ya Kiarabu ilikuja kujulikana katika karne ya 19. Palikuwapo humo masimulizi ya jahazi zilizotoka Shirazi, ununuzi wa kisiwa kwa nguo, watawala waliopinduliwa, misikiti iliyojengwa upya. Homer angefanya nini kwa ununuzi wa kisiwa kwa nguo! Camões, aliyemsoma Barros kwa makini, aliichukua njia ya merikebu akaiacha tarikhi.

Vilevile rubani. Mfalme wa Malindi alimpa da Gama mtu wa kumvusha hadi Calicut, na merikebu zikafika Mei mwaka uleule. Kwa miaka mingi imesemwa mwambaoni na Uarabuni kuwa mtu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, malimu mkubwa aliyetunga elimu ya bahari kwa mashairi. Watafiti wengi wa sasa hawakubali, na wana sababu: vyanzo vya Kireno vinamtaja kuwa Muislamu wa Gujarat, na Barros anampa jina la Malemo Caná. Ibn Majid hapungukiwi kitu akiondolewa katika safari ile, na pengine ni afadhali kwake. Ila neno *malemo* lisipitwe hivihivi. Ni neno letu la chomboni, malimu, mwenye elimu ya nyota na pepo. Barros alilisikia, akaliandika kwa herufi za Kireno, akadhani ni sehemu ya jina. Cheo cha elimu kikageuka kuwa jina la mtu, na katika utendi wa Camões hata jina halimo. Amebaki rubani mwaminifu tu.

Kama utendi wote ungekuwa hivi, ungeachwa katika rafu na usingestahili kurasa hizi. Camões ni mkubwa kwa sababu utendi wake una nyufa. Katika fasili ya nne, merikebu zikiwa tayari kung'oa nanga Lisbon, mzee mmoja anasimama ufukweni Restelo akailaani safari nzima: tamaa iliyopewa jina la heshima, nchi iliyoachwa bila watu, adui wa karibu aliyeachwa kwa ajili ya adui wa mbali. Hakuna anayemjibu. Katika fasili ya tano, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, jitu la jiwe liitwalo Adamastor linainuka na kutabiri maangamizi ya Wareno watakaopita hapo. Da Gama analiuliza, *wewe nani?* Jitu linaugua, na kujieleza kwa huzuni ya mpenzi aliyedanganywa. Jambo la kushangaza ni hili: swali ambalo mfalme wa Malindi hakuulizwa, jiwe liliulizwa.

Ufa mwingine uko nje ya utendi. Camões alitunga wimbo mfupi, wa mishororo ya mizani mitano mitano, kumsifu mwanamke mtumwa aitwaye Bárbara, mweusi wa nywele na macho, ambaye mshairi anajiita mateka wake. Wapo wanaouona wimbo huo kuwa ushahidi kwamba mapenzi yalishinda ubaguzi. Hukumu hiyo ina haraka. Mwanamke anayesifiwa hawezi kukataa, na mchezo wa maneno kati ya mateka na mtumwa unapendeza upande mmoja tu wa mnyororo. Lakini ndani ya wimbo huo mshairi amemtazama mtu wa koloni kwa karibu, hakuhitaji Venus wala Bacchus, na vipimo vya urembo vya Ulaya vimeyumba. Pengine mizani mitano ilimzuia kusema uongo mkubwa.

Fasili ya kumi inarudi Kilwa na Mombasa kwa beti chache. Binti wa bahari anatabiri mambo ambayo msomaji wa 1572 alijua yamekwisha kutokea: Francisco de Almeida ataiadhibu Kilwa, kisha ataichoma Mombasa kwa moto na chuma, ni malipo ya uovu wake wa nyuma. Mwaka wa jambo hilo ni 1505. Uovu wenyewe, kwa msomaji aliyefuata kisa tangu fasili ya pili, ni hila ya Bacchus. Yaani hadithi iliyobuniwa mwanzoni ndiyo inayotoa hukumu mwishoni. Upande wa pili upo pia kwa maandishi. Masimulizi ya kampeni hiyo, yanayohusishwa na Hans Mayr aliyekuwa katika msafara wa Almeida, yamehifadhi barua ya mfalme wa Mombasa kwa mwenzake wa Malindi. Anamweleza kwamba mjini hakuachwa kilicho hai, na kwamba uvundo wa maiti ulimzuia kuingia. Barua hiyo ni fupi kuliko ubeti mmoja wa Camões ukiufafanua, na haina kina hata kimoja.

Malindi nayo uaminifu haukuifaa. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa kati ya 1593 na 1596, mfalme wa Malindi alihamishiwa huko akae chini ya kivuli chake. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa kiti hicho aliuawa kwa shauri la Wareno. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa na mapadri Waagustino, akabatizwa Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akairudia dini ya baba zake na kuutwaa mji. Mwaka uliofuata akakitia kisu kifungo hicho kwa kuihama ngome. Basi kiti kilekile kilichosikiliza beti 300 ndicho kilichotoa jibu. Yusuf alijua Kireno, aliishi Goa, na utendi ulikuwa umekwisha kuenea kote walikokaa Wareno. Mshairi wa leo anayetafuta mhusika kwa tamthilia ya beti asimtafute mbali.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo huzungumzwa kila Camões anapotajwa mbele ya watunzi wa Kiswahili. Richard Burton, aliyefika Unguja Desemba 1856, aliutafsiri utendi wote kwa Kiingereza na kuuchapisha mwaka 1880. Kiswahili kingeuvisha bahari gani? Ubeti wa Camões una mishororo minane ya mizani kumi, na mara nyingi silabi nyepesi ya kumi na moja hufuata. Vina viwili hupishana katika mishororo sita, na miwili ya mwisho hufunga kwa kina chake. Ubeti wa utenzi wenye mizani 32 utakatakata kila picha vipande viwili au vitatu. Shairi la mishororo minne lina mizani 64, nalo litadondosha vivumishi, jambo ambalo kwa Camões si hasara kila mara. Inayokaribia ni takhmisa, mishororo mitano ya mizani 15, jumla 75, kama ile ambayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliivisha tungo za Liyongo.

Na takhmisa ina jambo la ziada. Kwa asili yake si tafsiri: mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe akatanguliza mitatu yake mwenyewe. Mitatu kwa miwili. Atakayeichukua fasili ya pili kwa bahari hiyo atakuwa na nafasi, katika kila ubeti, ya mfalme wa Malindi kufungua kinywa kabla da Gama hajaanza. Kazi ya namna hiyo ingewakera wanaotaka Camões halisi kwa Kiswahili, na hoja yao ina uzito, kwani mtu hawezi kumjibu asiyemsoma. Tafsiri ya uaminifu ianze, takhmisa ifuate.

Lakini hata tafsiri ya uaminifu itakwama mahali pamoja, katika ubeti wa ala za mfalme. Mfasiri akiandika *tarumbeta*, Camões atakuwa amefasiriwa sawasawa, na msomaji wa Lamu au Pate hatajua kwamba alichokisikia mgeni ni siwa. Akiandika *siwa*, kelele ile ya kuumiza sikio haitashika, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kupiga kwa mapatano.